Siku tatu na wakaguzi wa ithibati: maabara yetu ilivyokwama kwenye kipimajoto cha friji

Fundi Pipeti (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kati kulikuwa na mjadala hapa, jamaa analalamika ripoti yake ya maabara imekataliwa mpakani kwa kuwa maabara iliyopima "haina ithibati". Wachangiaji wengi wakamwambia ithibati ni cheti cha kununua, unalipa, unatundika ukutani, maisha yanaendelea. Nilitaka kujibu pale pale, nikaona nitajaza ukurasa. Nipo kwenye maabara ya chakula na maji mwaka wa kumi na moja sasa, na ukaguzi wa ithibati nimeupitia mara nne, zote nikiwa upande wa kukaguliwa. Maabara siitaji, na msije PM kuniuliza.

Tuelewane kwanza kwenye neno. Ithibati ya maabara si ISO 9001. Hiyo 9001 ni kiwango cha kimataifa kinachoangalia kama una mfumo wa uendeshaji unaoeleweka, na hata kiwanda cha sabuni kinaweza kuwa nayo. Maabara ya upimaji inakaguliwa kwa ISO/IEC 17025, toleo linalotumika ni la mwaka 2017, na humo swali kubwa ni hili: je, hawa watu wanaweza kutoa jibu sahihi kwa kipimo hiki, leo na mwakani? Tanzania maabara nyingi huomba SADCAS, chombo cha pamoja cha nchi za SADC chenye makao yake Gaborone. Wakenya wana KENAS yao.

Hatua za mwanzo nazipita haraka kwa sababu hazina utamu. Unajaza maombi, unaambatanisha taratibu zako na orodha ya vipimo unavyotaka vitambuliwe. Wakaguzi wanasoma makabrasha kwao, wanakurudishia maswali, mkiridhiana wanapanga tarehe. Wanakuja kiongozi wa timu, ambaye anashughulika zaidi na mfumo, na mkaguzi wa kiufundi mmoja au zaidi, yaani watu wa fani yenyewe. Ukipima vimelea analetwa mtu wa vimelea, ukipima viuatilifu analetwa mkemia.

Ukaguzi wetu wa kwanza tulijiandaa miezi minane. Mafaili mapya, rangi ukutani, kila mtu koti jeupe. Kikao cha kufungua kilienda vizuri mno. Baada ya chai mkaguzi wa kiufundi, mama mmoja mtu mzima, mpole, hata hakugeukia mafaili tuliyompangia mezani. Alinyoosha moja kwa moja kwenye friji ya sampuli.

Akafungua. Kipimajoto kinasoma 4.6. Akamuuliza fundi sanifu wetu, "Hapa unaandika ngapi?" Kijana akajibu, "Nne nukta sita." Akaangalia fomu mlangoni: asubuhi na jioni, kila siku, sahihi zipo, hakuna pengo hata moja. Kikomo chetu kilikuwa nyuzi 5. Mimi moyoni nikasema hapa tumepita.

Akaomba cheti cha ugezi cha kile kipimajoto, yaani karatasi inayoonyesha kinakosea kwa kiasi gani kikilinganishwa na kipimo cha uhakika. Kikaletwa, hakijaisha muda. Akafungua ukurasa wa pili. Nakiri mbele yenu wakuu, ule ukurasa wa pili hakuna mtu kwetu aliyewahi kuufungua. Umeandikwa kwamba kwenye nyuzi 5 kipimajoto kinasoma pungufu kwa 0.9. Maana yake tukiona 4.6, ndani ya friji ni 5.5. Yule mama hakupandisha sauti. Alichukua fomu za nyuma, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari, kila palipoandikwa 4.2 na kuendelea anaweka alama ndogo kwa penseli. Fomu ikawa imejaa alama.

Hiyo ikawa hoja namba moja, yaani dosari iliyoandikwa ambayo lazima tuirekebishe. Wala haikuishia kwenye kununua kipimajoto kingine. Ilibidi turudi nyuma tutafute ni sampuli zipi zililala kwenye friji lile siku zile, majibu yake yalikwenda kwa nani, na kama joto lile lingeweza kuyabadilisha. Tulikesha.

Siku ya pili akafanya kile ambacho mimi nakiona ndiyo roho ya ukaguzi wote. Alisema, "Nipeni ripoti yoyote mliyotoa miezi miwili iliyopita," kisha akaichagua yeye mwenyewe kutoka kwenye rundo. Ilikuwa ya maziwa, jumla ya bakteria. Akaanza kuifuata kinyumenyume: nani amesaini, alipewa ruhusa ya kusaini lini, amefundishwa na nani, sahani za kuoteshea bakteria zimehesabiwa saa ngapi, ziliingia inkubeta (kabati la joto) saa ngapi, inkubeta ilikuwa na joto gani, chakula cha vimelea kilipikwa siku gani na kilijaribiwa vipi kabla ya kutumika, mizani iliyokipima ilihakikiwa asubuhi ile au la, mpaka akafika kwenye fomu ya mapokezi sampuli ilipotua.

Njia tuliyodai kutumia inataka sahani zikae nyuzi 30 kwa saa 72, ukizidisha au kupunguza zisipite 3. Daftari letu linasema ziliingia Alhamisi saa tisa alasiri, zikahesabiwa Jumatatu saa nne asubuhi. Piga hesabu. Saa 91. Kwa nini? Kwa sababu Jumapili hakuna anayekuja kazini. Miaka yote tulikuwa tunafanya hivyo na hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni tatizo, ndivyo "tulivyozoea".

Nimsifu fundi wetu kwa jambo moja: aliandika saa halisi. Angeamua kuandika Jumapili saa tisa ili hesabu itimie, daftari la mlinzi getini lingemuumbua, na hapo tusingekuwa tunazungumzia hoja tena, tungekuwa tunazungumzia uongo.

Tuliondoka na hoja saba. Tulipoandika majibu ya awali tukaweka ile sentensi ya kila ofisi: "Watumishi wamekumbushwa kuzingatia taratibu." Ikarudishwa kama ilivyo. Wakataka chanzo. Kwa nini zilikaa saa 91? Kwa sababu ziliingia Alhamisi. Kwa nini ziliingia Alhamisi? Kwa sababu mapokezi anapokea na kuanzisha chochote siku yoyote. Hapo ndipo penye ugonjwa. Sasa kipimo kile kwetu kinaanzishwa Jumatatu, Jumanne na Ijumaa tu, na ratiba imebandikwa dirisha la mapokezi. Kwenye friji kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu nene ONGEZA 0.9, na cheti chochote cha ugezi kikifika hakiingii kwenye faili mpaka mtu akisome kurasa zote na kujaza fomu kwamba amekielewa.

Sasa mniambie hicho cheti kinanunuliwa duka gani.

Kisiki cha Mpingo

Stori imetulia mkuu. Lakini umekwepa swali. Nani anawalipa hao wakaguzi? Ninyi. Mtu unayemlipa tiketi na hoteli atakufelisha kweli? Tusidanganyane.

Fundi Pipeti

Mkuu Kisiki, gharama ni za maabara, hilo sikatai, na kwa maabara ndogo ni mzigo kweli. Ila mkaguzi aliyekuja kwako hana kauli ya mwisho. Anaandika alichokiona na anapendekeza, kisha watu wengine ambao hawakuja kukukagua ndio wanaamua upewe au usipewe. Hilo ni sharti, limo kwenye ISO/IEC 17011, kiwango ambacho vyombo vya ithibati navyo vinakaguliwa kwacho. Navyo vina wakwe zao: kwa Afrika kuna AFRAC, ushirikiano wa vyombo vya ithibati, na duniani kuna ushirikiano ulioanza kwa jina la ILAC, wenzao kutoka nchi nyingine wanakuja kuwapekua. Makubaliano ya kutambuana chini ya ILAC yalisainiwa mwaka 2000, na ndiyo yanayofanya ripoti ya Mwanza iweze kukubaliwa Ulaya bila sampuli kupimwa upya.

Nakubaliana nawe nusu lakini. Tarehe unaijua mapema. Kuna maabara zinavaa suti wiki ya ukaguzi, wakaguzi wakipanda ndege suti inarudi kabatini.

Mzee wa Hoja

Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa upande ule mwingine, nimekagua kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Vijana, hiyo suti tunaiona tukiwa bado mlangoni.

Koti la maabara lenye mikunjo ya dukani. Fomu ya miezi sita iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, wino haujapauka. Joto la inkubeta 30.0, 30.0, 30.0 siku tisini mfululizo. Hakuna inkubeta ya namna hiyo chini ya jua. Mimi nikiona fomu iliyochafuka, ina namba imekatwa kwa mstari mmoja, pembeni kuna namba sahihi, jina na tarehe, natulia. Hapo kuna watu wanafanya kazi. Nikiona tipeksi nasogeza kiti.

Jambo la pili, sikuwa namuuliza bosi. Bosi anajua majibu yote ya kwenye kitabu. Namwomba anayepima apime mbele yangu. Nakumbuka binti mmoja, mikono inatetemeka, akavuta kimiminika na pipeti, akaitazama, akaimwaga akaanza upya. Meneja wake akafumba macho kama mtu aliyefiwa. Nikamuuliza binti, "Mbona umemwaga?" Akasema, "Kulikuwa na kipovu kwenye ncha." Nikaandika kwenye daftari langu kwamba huyu anajua kazi. Meneja alidhani nimeandika hoja, hakula mchana ule.

Na kabati la chini kabisa jamani. Kemikali zilizokwisha muda hazitupwi, zinahamishiwa kabati la chini. Nchi zote nilizokagua ni vilevile.

Dada wa Maabara Kuu

Shikamoo Mzee wa Hoja. Hilo la kabati la chini limenigusa, kesho asubuhi napita kwetu kimyakimya 😂

Niongezee upande wa hospitali. Sisi tunakwenda kwa ISO 15189, toleo jipya la 2022. Wengi hatukuruka moja kwa moja kwenye ithibati, tulipandishwa ngazi kwa ngazi na SLIPTA, mpango wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika uliozinduliwa Kigali 2009. Ni wa nyota. Chini ya asilimia 55 huna nyota, ukifika 55 unapata ya kwanza, ya tano inaanzia 95. Ule mpango ulitusaidia kwa sababu unakuonyesha ulipo bila kukuaibisha. Ila niseme ukweli: kuna maabara zimekaa kwenye nyota tatu miaka nenda rudi, zinaitangaza kama vile ni ithibati. Nyota siyo ithibati.

Kinachotusumbua sisi ni watu. Unamfundisha fundi mwaka mzima, anaelewa, anahamishwa. Mkaguzi akirudi mwaka unaofuata anakutana na mgeni.

Mzee wa Hoja

Marahaba binti yangu. Huo uhamisho umeua mifumo mingi kuliko mashine mbovu.

Mwanafunzi Kemia

Samahani wakuu, naomba kuuliza. Chuo tumefundishwa kuhusu sampuli zinazotumwa kwa maabara nyingi zipime kitu kimoja halafu majibu yanalinganishwa. Nayo ni sehemu ya ukaguzi?

Fundi Pipeti

Ndiyo mdogo wangu, na mkaguzi anaiomba mapema sana. Unaletewa sampuli ambayo jibu lake hulijui, unapima, unatuma. Wanakupa alama z, inayoonyesha jibu lako liko mbali kiasi gani na jibu linalokubalika: ukiwa ndani ya 2, juu au chini, uko salama, kati ya 2 na 3 jiulize, ukifika 3 umekosea na lazima uchimbe kujua kwa nini. Kukosea mara moja hakukunyimi ithibati. Kukosea na kuficha ndiko kunakokumaliza.

Kuna mchezo mchafu nimewahi kuusikia: maabara mbili za mji mmoja zinapigiana simu, "wewe umepata ngapi?" kisha zinatuma majibu yanayofanana. Siku moja ya kwanza ikawa imekosea, wakakosea wote wawili, kwa namba ileile. Tuishie hapo.

Mama Gunia

Jamani mimi si msomi wa maabara, mimi nauza mahindi. Nimeufuata huu uzi kwa sababu ya yaliyonikuta. Nimepima mzigo wangu sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ripoti inasema 9.4, kikomo ni 10. Mteja wa ng'ambo ya mpaka anasema haitaki hiyo ripoti, mzigo hauna uhakika. 9.4 si ndogo kuliko 10? Nielimisheni wanangu.

Mkulima wa Bonde

Mama Gunia pole. Mimi niko Kenya, na upande huu watu waliingiwa na woga tangu Machi 2021, serikali yetu ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu. Siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti, mojawapo likiwa kila mzigo uje na cheti kinachoonyesha sumukuvu haijazidi sehemu 10 kwa bilioni. Usione wanunuzi wanakusumbua bure. Hapa mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, zaidi Ukambani. Hakuna anayetaka kuona hiyo tena.

Fundi Pipeti

Mama, swali lako ni zuri kuliko yote humu, nitalijibu taratibu.

Hakuna kipimo kisicho na mashaka. Hata mizani ya nyama sokoni ina pa kuyumba. Kwa hiyo maabara makini haiishii kusema 9.4, inasema 9.4 na inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi fulani. Angalia kwenye ripoti yako kama kuna alama ya kujumlisha iliyo juu ya kutoa. Tuseme imeandikwa 2. Basi ukweli wa mzigo wako unaweza kuwa popote kati ya 7.4 na 11.4, na huko juu umeshavuka kikomo. Je, umefaulu? Toleo la 2017 la ISO/IEC 17025 linasema maabara ikitaka kuandika "imekidhi" au "haijakidhi" lazima iwe na kanuni ya uamuzi: mashaka yale yanahesabiwa vipi, na mteja aambiwe kabla ya kupima, siyo baada ya kuona jibu. Mkaguzi akikuta maabara inagonga muhuri wa "imekidhi" bila kanuni hiyo, ni hoja.

La pili ni uchukuaji wa sampuli. Nani alichota mahindi, kwenye magunia mangapi, kiasi gani? Sumukuvu haikai sawasawa kama chumvi kwenye uji. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, ukichota pembeni yake unapata karibu sifuri. Kama ulijaza mfuko wa kilo moja nyumbani ukaupeleka, maabara itaandika "sampuli kama ilivyopokelewa". Maneno hayo madogo yana maana kubwa: tunajibu kuhusu mfuko huu, kuhusu lori hatujui.

La tatu, na hili ndilo watu wengi hawalijui: ithibati haitolewi kwa jengo, inatolewa kwa kipimo. Cheti cha ukutani kina kiambatisho, jedwali linaloorodhesha kipimo gani, kwenye bidhaa gani, kwa njia gani. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima risasi kwenye maji na isiwe nayo kwa sumukuvu kwenye mahindi, japo mashine zipo na watu wapo. Omba hilo jedwali, au litafute kwenye tovuti ya chombo kilichotoa ithibati, yako wazi kwa kila mtu. Tazama pia tarehe. Ithibati ina mzunguko usiozidi miaka mitano, katikati wanarudi kuangalia, na inaweza kusimamishwa.

Kisiki cha Mpingo

Hili la jedwali sikulijua. Kwa hiyo maabara inaweza kuweka nembo juu ya ripoti huku kipimo chenyewe hakimo?

Mzee wa Hoja

Ikifanya hivyo bila kuonyesha wazi kipimo kipi kiko nje ya ithibati inavunja masharti, na ni miongoni mwa makosa tunayoyatafuta kwa tochi. Kwa kawaida huwekwa nyota ndogo kando ya kipimo, na maelezo chini ya ukurasa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Soma chini ya ukurasa siku zote.

Na mnaokumbuka samaki wa Ziwa Victoria walivyofungiwa soko la Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 mtanielewa. Viwanda vilisimama, watu Mwanza wakalala njaa. Kusema "samaki wetu ni wasafi" hakukutosha, waliulizwa nani amepima, kwa njia gani, na nani amemkagua huyo aliyepima.

Dada wa Maabara Kuu

Mrejesho: kabati la chini nilikuta chupa tatu, moja imekwisha muda tangu 2019. Nimezitoa na nimeziandikisha. Mzee asante, sikutaji kwa bosi.

Mama Gunia

Wanangu nimerudi. Leo nimekwenda pale nilipopima, nikaomba jedwali kama Fundi alivyosema. Dada wa mapokezi hakujua ninachosema, akamwita bosi wake. Bosi kaleta karatasi mbili. Tumesoma naye mstari kwa mstari: mahindi, unyevu upo. Mahindi, protini ipo. Unga, majivu yapo. Sumukuvu haipo. Nikarudi kwenye ripoti yangu, chini kabisa, kweli kuna kinyota.

Bosi amesema wameshaomba iongezwe, wakaguzi watakuja mwezi ujao.

Fundi Pipeti

Mama, mwambie afungue ukurasa wa pili wa kila cheti cha ugezi kabla hawajafika. Na mzigo wako usiupime tena kwa mfuko wa nyumbani, waombe waje wachote wenyewe ghalani.